Kamba ya Mama Mkwe

Hayakuwa maji ya soda.

Nasema hivi kwa ajili ya wale walionisimamisha barabarani juma zima, wakibisha kwamba pale chini ya kiti cha Mama Agnès mhudumu alikuwa amemwaga chupa tu. Poleni. Mama Agnès aliinua kiatu chake kutoka kwenye zulia, na zulia likabubujika. Maji yalikuwa baridi, ya kahawia, na yalinuka matope. Soda gani hiyo inayonuka matope?

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, sogea nikueleze upesi, maana maji hayasubiri mtu. Mama Agnès ni mjane wa Kapata, ule mtaa wa nyumba za kampuni zilizopangwa mistari nje ya Kolwezi. Alikuwa na watoto wawili. Stany alikufa kwenye shimo la kobalti. Amebaki Mignonne peke yake, na Mignonne ni mpishi wa Étoile, meli ndogo ya starehe inayowachukua watu wenye nafasi zao kutoka ziwa la Nzilo, kuupanda mto Lualaba, hadi ndani ya mushitu. Ndiyo, mushitu, ule msitu mzito wa kando ya mto ambao miti yake inakutana juu ya kichwa chako mchana kweupe ukadhani jioni imeingia. Humo ndani ya meli kuna viti vya ngozi, zulia jekundu, climatiseur ya kupoza hewa, na samaki kwenye sahani nyeupe. Mignonne ana mimba kubwa na hajui kuogelea. Aliomba kwa patron, mwenye meli, mama yake aletwe, apumzike walau siku moja katika maisha yake.

Na nahodha wa meli hiyo ni Merdi, mume wa Mignonne. Mama Agnès hajamsemesha tangu siku ya harusi.

Haya ya ukwe unaijua. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hakai naye chumba kimoja. Kwa kawaida, watu wakishazoeana, mama mkwe anapika kuku, anamwita mkwe, wanakula pamoja, na haya inaisha. Mama Agnès hakumpika kuku huyo. Siku Stany aliposhuka shimoni, aliyemfunga kamba kiunoni alikuwa Merdi, rafiki yake. Udongo ukaporomoka, wenzake wakavuta, kamba ikaja tupu. Haikuwa imekatika wala kuchanika. Fundo ndilo lililofunguka. Walimletea Mama Agnès kamba ile nyumbani, akaishika ncha yake nzima, akasema mbele ya waombolezaji wote, "Huyu mutu hakufunga muzuri."

Tangu hapo akaifanya haya ya ukwe kuwa ukuta. Na Merdi hakuwahi kujitetea. Atajiteteaje mbele ya mtu ambaye hata kumwangalia hawezi?

Sasa turudi kwenye maji.

Mama Agnès alimpungia mkono mhudumu. "Tata Gracien, kuya kwanza. Mayi iko inaingia."

Gracien alikuja na sinia lake na tabasamu lake. Akainama, akabonyeza zulia kwa kidole.

"Ni mayi ya climatiseur, mama. Inatokaka. Nitawaletea torchon."

"Climatiseur iko kule nyuma. Hii mayi inatoka chini."

"Mama, mutulie kiloko. Leo njo siku yenu ya kupumzika."

Akaleta kitambaa, akakitandaza chini ya miguu yake kama anavyotandikiwa askofu, akarudi kuwamiminia wageni vinywaji. Wageni walikuwa wahandisi wa migodi na wake zao, wote wamejazana upande mmoja wakiwapiga nyani picha. Kitambaa kiliingia maji chote kabla Gracien hajafika kaunta.

Hapo Mama Agnès akakumbuka asubuhi. Walipoingia tu mushitu, meli iligonga kitu chini ya maji. Sahani zililia. Tata Omer, mwenye meli, aliwaambia wageni kwamba ni kiboko amepiga hodi, na wageni wakacheka sana.

Akakumbuka na jingine. Mignonne alikuwa amemsifia mumewe jikoni Kapata: "Mama, Merdi haamini mutu. Meli ikigusa hata tawi, anakuyaka mbele mu salon, anainua tapis, anafungula mulango ya chini, anaangalia kama mayi imeingia mu cale."

Mama Agnès alisukuma zulia kwa kiatu. Chini yake kulikuwa na pete ya chuma. Kiti chake, kiti bora kuliko vyote, kile alichopewa na patron kwa heshima ya mama wa mpishi, kilikuwa kimewekwa juu ya mlango wenyewe wa cale, lile tumbo la meli.

Na Merdi alikuwa amekuja, msomaji. Hilo ndilo lililomuumiza. Baada ya kule kugonga, Mama Agnès alimwona mlangoni mwa salon, tochi mkononi. Merdi alikiona kilemba cha mama mkwe wake, akageuza uso, akarudi kinyumenyume. Baadaye akaja tena. Mara hii Mama Agnès alimkazia macho kwa makusudi, apate kukimbia, na akakimbia. Alifurahi hata. Alikunywa soda yake akiwa amefurahi.

Alisimama. Sakafu ilikuwa imeinama kuelekea mbele. Nia yake ilikuwa kwenda jikoni akamtume Mignonne, maana siku zote Mignonne ndiye mdomo wao, huyu akisema na yule anapeleka. Lakini bilauri moja iliteleza mezani ikaanguka, ikafuata nyingine, na Mama Agnès akaelewa kwamba njia ya jikoni ni ndefu mno.

Alipanda ngazi fupi ya chumba cha usukani, akasimama nyuma ya mgongo wa mkwe wake.

"Weye."

Merdi aliitambua sauti. Akafanya kile ambacho mwanamume aliyelelewa vizuri angefanya. Aliinamisha macho, akageukia ukuta, akaanza kutafuta mlango wa upande wa pili, akiuacha usukani peke yake.

Basi Mama Agnès akamshika shati. Ndiyo, mama mkwe alimshika mkwe wake shati, mchana, kwa mkono wake.

"Mayi iko mu cale," alisema. "Na mi njo niliikalia mulango yake."

Merdi aliuambia ukuta, "Tangu saa gani, mama?"

"Tangu ulikimbia."

Merdi alipita ubavuni mwake akishuka ngazi kwa kuruka. Kiti cha ngozi alikisukuma kwa mkono mmoja, zulia akalitupa, pete akaivuta. Maji yalikuwa pale pale, meusi, viganja viwili tu chini ya sakafu, na kila meli ilipoyumba yalirukia juu.

Wageni wakaacha nyani.

Tata Omer alifika akitokwa jasho licha ya climatiseur. Alitazama shimo, akatazama wahandisi, na uso wake ukapiga hesabu upesi kuliko unavyodhani.

"Canot," alisema. "Wageni kwanza."

Canot ni ile mashua ndogo ya mota iliyokuwa ikivutwa nyuma ya Étoile. Wahandisi waliingia wakisukumana, huku wake zao wakilia na viatu vyao mikononi. Mama Agnès alimshika Tata Omer mkono wa koti.

"Mutoto yangu iko na mimba. Hata yeye peke yake. Mi nitabakia."

"Mafasi imejaa, mama. Tunawashusha, nirudie. Parole d'honneur."

"Hapa hakuna fasi ya kushusha mutu. Miti iko ndani ya mayi. Utarudia saa ngapi?"

"Mama, muniache."

Sanduku la barafu lilipata nafasi. Mignonne hakupata. Canot iliondoka, mota yake ikasikika mpaka kwenye kona ya mto, kisha ikabaki sauti ya ndege tu.

Ndipo Mignonne alipotokea kutoka jikoni, tumbo mbele, upawa wa chuma mkononi, amefuata kelele. Alitazama maji. Kisha akamtazama mama yake na mumewe wamesimama chumba kimoja, na nakuapia hicho ndicho kilichomshtua zaidi.

"Mama, mulikuwa munasema na Merdi?"

"Tutaongea ile kesho," alisema Mama Agnès. "Kama kesho iko."

Merdi alieleza haraka, akiielekeza sauti yake kwa mkewe. Mahali hapo hapana ukingo. Ni mizizi na mafunjo, na chini yake kina cha kumeza nyumba. Mahali pa kuipandisha meli ni kwenye ule mchanga ambapo mto unaingia Nzilo, na mkondo utawasaidia. Lakini maji yakifika kwenye moteur, moteur itazima, na meli itaenda chini hapa hapa katikati, pamoja nao.

"Na pompe?" aliuliza Mignonne.

"Pompe inakunywa kiloko, mayi inaingia mingi. Gracien atapompa, asisimame. Weye kamata usukani. Ulishaendesha siku ya kimya, leo ni ile ile. Fuata katikati ya mutoni. Mi naenda chini kuziba tundu."

"Nani atakushikia kamba?"

Gracien alikuwa tayari kwenye pampu ya mkono, anapanda na kushuka. Mignonne alikuwa na usukani. Aliyebaki alikuwa mmoja, na Merdi alikuwa akitazama sakafu ili asimtazame.

"Lete," alisema Mama Agnès.

Mwanamke aliyeuza makala, yaani makaa, Kapata tangu mume wake alipoachishwa kazi hahitaji kufundishwa fundo. Alimfunga Merdi kiunoni lile la gunia la makala, linalopanda lori, likaruka mashimo ya barabara ya Tenke, likafika bila kulegea. Merdi alisimama amefumba macho na mikono juu, kama mtoto anayeogeshwa. Mama Agnès aliweka goti, akakaza.

"Sasa hii njo fundo," alisema.

Wote walielewa alichosema. Mignonne alimwita, "Mama," kwa sauti ya kuomba.

"Minatafuta kitambaa kikubwa," alisema Merdi, kwa Mignonne. "Kizito. Cha kuingiza mu tundu."

Mignonne akaanza kuangalia mapazia, mepesi yote, ya urembo. Mama Agnès alikuwa amevaa maliputa mawili, vitenge vya kujifunga, moja juu ya jingine, kama mama yeyote anayejiheshimu. Lile la juu lilikuwa kitambaa walichoshona wanawake wote wa ukoo kwa kumaliza msiba wa Stany. Alikuwa amelivaa leo kwa makusudi, Merdi alione kila atakapopita. Alilifungua kiunoni, akalikunja, akamnyooshea.

Merdi alilitambua. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Nikivuta mara mbili, munivute," alisema, na mara hii hakumwambia Mignonne. "Kama mu shimo."

"Najua ya mu shimo," alisema Mama Agnès.

Akashuka.

Maji yalimfika kifuani, shingoni, kisha kichwa kikaingia na mwanga wa tochi ukawa doa la kijani linalosogea mbele. Kamba ikapita mikononi mwa Mama Agnès taratibu. Nyuma yao moteur ilinguruma, meli ikaanza kugeuka. Mignonne alikuwa ameipata katikati ya mto.

"Mama, iko namna gani?" alipaza sauti kutoka juu.

"Shika usukani."

Merdi aliibuka ghafla, akihema, matope puani. Alishika ukingo wa mlango, na kwa mara ya kwanza tangu Mungu aliposababisha ukwe huu, akamtazama Mama Agnès usoni. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka siku nyingi. Mama Agnès hakuwahi kujua.

"Mama, kuko ukuta wa chuma. Chini yake kuko kadirisha kadogo, mutu anapita kwa kutambaa. Tundu iko ngambo, kule mbele kabisa. Kamba itakuwa fupi."

"Kama ni fupi, unarudia."

"Mayi iko inakaribia moteur."

"Unasikia vile minasema? Unarudia."

"Mignonne iko na mutoto, mama," alisema Merdi, na akazama.

Kamba ilikimbia. Iliwaka viganjani mwake, akaiacha iende, ikaenda mpaka mwisho, ikakaza. Hakukuwa na zaidi. Mama Agnès alilala kifudifudi kwenye zulia lililolowa, akaingiza mkono wake ndani ya maji mpaka begani, apate kumwongezea urefu wa mkono mmoja. Kilemba kilimtoka kikaelea. Kamba bado ilikuwa imekaza, inatetemeka kidogo, kama mtu kule mbele anajaribu kufika mahali na kidole kimoja tu kimepungua.

"Rudia," aliyaambia maji. "Rudia, weye mutoto."

Kwa mbali chini, doa la kijani lilizimika. Moteur ikakohoa, ikaendelea. Gracien alikuwa amevua shati, anasali Salamu Maria kwa kila mvuto wa pampu.

Kisha kamba ikalegea.

Mama Agnès alisubiri ivutwe mara mbili. Hata mara moja angefurahi. Hakuna. Akaanza kuvuta mwenyewe, mkono baada ya mkono, na moyo wake ukajua kabla ya mikono, kwa sababu kamba ilikuja nyepesi. Ilikuja kama ile ya shimoni ilivyokuja. Ncha ilipanda juu ya maji, ikaanguka mapajani mwake.

Ilikuwa nzima. Haikukatika wala kuchanika. Nyuzi zake zilikuwa bado zimejikunja pale fundo lilipokuwa.

Aliitazama. Hili halikuwa fundo la Merdi. Lilikuwa fundo lake yeye, alilikaza yeye, kwa goti lake. Fundo hilo halijafunguka lenyewe hata siku moja tangu aanze kuuza makala. Linataka vidole, linataka mtu atulie, alitafute jicho lake, alisukume. Mtu anayetaka kulifungua ndiye anayelifungua.

"Stany," alisema.

Walikuwa wamemwambia siku ile ya msiba. Walimwambia kwamba chini zaidi kulikuwa na mchimbaji mwenzao, alikuwa anaita, na Stany alikuwa anamfuata. Hakutaka kusikia. Alikuwa ameshika kamba yenye ncha nzima na alikuwa na mtu wa kumlaumu, na mtu huyo kwa desturi hakuruhusiwa kufungua mdomo. Ilimfaa. Akakaa nayo miaka yote hiyo, akimnyima kijana kuku na neno, na kijana akavumilia kila Noeli amekaa nje ya nyumba na sahani yake.

Mama Agnès alilia, na sikufichi. Alilia kwa sauti, huku amekumbatia kamba.

Gracien ndiye aliyemwamsha. "Mama. Muangalie. Mayi imesimama."

Kweli. Maji yalikuwa yamefika kwenye ukingo wa mlango, na hapo yametulia. Ule mlio wa kubwabwaja uliokuwa ukisikika mbele haupo tena. Liputa la Stany lilikuwa limeingia kwenye tundu, na mkono ulioliingiza haukurudi.

"Mama!" Mignonne alikuwa anaita kutoka usukanini, na sauti yake ilikuwa imechangamka. "Meli iko inatii. Minaona mwangaza mbele, minaona Nzilo. Merdi ametoka?"

Utamjibu nini mtoto wako hapo? Mama Agnès aliweka uso wake karibu na maji na akaita jina ambalo mama mkwe haliiti, jina ambalo hakulitamka siku ya harusi wala siku ya msiba.

"Merdi."

Akaweka sikio juu ya mbao.

"Merdi, mwanangu. Mi njo ninakuita."

Chini ya sakafu, mbele kabisa, kitu kiligonga. Kikatulia. Kikagonga tena.

Gracien aliacha pampu. "Iko muzima," alinong'ona. "Kule ngambo kuko hewa kiloko, juu, chini ya mbao. Iko na pumua."

"Juu ya nini harudie?"

"Giza, mama. Tochi imekufa. Kadirisha kako chini ya mayi, hakaone."

Mama Agnès alijifuta uso. Stany alimweleza zamani, jioni moja, akinawa vumbi: shimo likijaa giza na mtu akapotea, wenzake wanachukua jiwe wanagonga ukuta wa njia ya kutokea, tok, tok, tok, na aliyepotea anaifuata sauti. Alitafuta kwa macho, akauona upawa wa chuma ambao Mignonne aliuacha mezani. Akauchukua.

Na hapo hapo sakafu ikatetemeka. Meli ilikuwa inaongeza mwendo. Kupitia dirisha kubwa la mbele, lile la kutazamia mandhari, miti iliachana, maji yakafunguka, na mchanga ukaonekana, mweupe na mrefu, ukiwangojea.

"Minapanda pa sable, mama," aliita Mignonne. "Mushikame sana. Nitapiga kwa nguvu, ingie yote."

Mama Agnès alielewa. Étoile itapanda mchanga kwa pua. Pua ndiyo itakayopokea kishindo chote. Na Merdi yuko ndani ya pua.

"Mignonne, usipige!" alipiga ukelele, lakini moteur ilikuwa inanguruma na Mignonne alikuwa na jambo moja tu kichwani, kumtoa mume wake na mama yake majini.

Gracien alikuwa mmoja. Angeweza kushika kamba, au angeweza kupanda ngazi. Mama Agnès hakufikiri kwa muda mrefu.

"Kimbia juu. Umuambie apunguze, apande polepole, Merdi iko mbele."

"Na kamba, mama? Munataka kushuka? Munajua kuogelea?"

"Hapana. Kimbia."

Gracien akakimbia.

Mama Agnès alijifunga kamba kiunoni, juu ya liputa lililobaki, fundo lile lile la gunia. Ncha ya pili alitazama aifunge wapi. Meza ilikuwa ya kioo. Kaunta ilikuwa mbali. Palikuwa na kiti chake tu, kile cha ngozi, kizuri, kikubwa, alichokuwa amekalia asubuhi nzima akimfukuza mtu kwa macho. Aliizungusha kamba kwenye mguu wake, akakaza kwa goti. Kisha akakaa kwenye ukingo wa mlango, miguu ndani ya maji baridi, upawa mkononi.

"Ninakuya," alisema. "Sikiliza upawa."

Akajisukuma, na maji yakamfunika.

Chini, gizani, aliufikia ukuta wa chuma kwa mikono. Akagonga. Tok. Tok. Na kutoka upande wa pili, karibu kabisa, mtu akajibu.

Hakujua kilichokuwa kikitendeka juu. Gracien alikuwa ameteleza kwenye zulia lililolowa, anatambaa kuelekea ngazi. Mchanga ulikuwa unakaribia. Na kile kiti, msomaji wangu, ambacho uhai wa Mama Agnès ulikuwa umefungwa mguuni mwake, hakikupigiliwa msumari hata mmoja sakafuni. Merdi alikisukuma kwa mkono mmoja, sote tulimwona. Sasa sakafu ilikuwa imeinama mbele, na kiti kilikuwa kimeanza kutembea kuelekea shimo.